Wadudu wa Enesi

Ajenda ya nne ilikuwa mdomo wa Enesi. Katika karatasi ya kikao haikuandikwa hivyo. Iliandikwa "Hali ya kipaza sauti cha sauti ya kwanza", na aliyeiandika, kwa mwandiko wake wa kulala upande, alikuwa Osea, mwenyekiti wa Kwaya ya Ubani ya Itaka, mume wa Enesi.

Ya kwanza ilikuwa maombi, ya pili sare, ya tatu gari la kwenda Tunduma kurekodi video. Zote zilipita upesi, kwa sababu kila mtu alikuwa ameshasikia nini kinafuata. Watu ishirini na wawili walikaa kwenye mabenchi ya kanisa wakimtazama mwenyekiti. Enesi peke yake alikuwa akikitazama kipaza sauti, kilicholala mezani kimevuliwa sponji yake.

"Ajenda hii," alisema Osea, "naomba aifungue aliyeileta."

Rozi akasimama. Naye aliimba sauti ya kwanza, na kwa kuwa wanawake walikuwa na kipaza sauti kimoja tu, yeye na Enesi walikitumia pamoja, shavu kwa shavu.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Mimi sina ugomvi na Dada Enesi, ni dada yangu kabisa. Lakini jamani, mwaka mzima nimevumilia. Tukifika kwenye Haleluya, pale kwenye 'Ha', mimi naona giza."

Kwenye benchi la wanaume Timotheo, mwimbaji wa sauti ya nne, alipasuka kicheko, akakigeuza kikohozi, kikamshinda, kikawa kicheko tena.

"Sponji nimeifua kwa sabuni ya unga," Rozi aliendelea. "Nimeianika juani siku mbili. Anayebisha ainuse."

Sponji ikaanza safari yake, mkono kwa mkono. Kila aliyeipokea aliinusa, akakunja uso, akampa wa pili. Ilipomfikia Enesi hakujua afanye nini, basi akainusa naye kama wenzake. Haikumwambia kitu. Akampa aliyekaa kando yake, naye akaipokea kwa ncha za vidole viwili.

Mwalimu Yesaya, aliyefundisha kwaya na kupiga kinanda, alikuwa mtu wa haki kwa kadiri alivyoielewa. "Sauti ya Dada Enesi hakuna anayeibishia," alisema. "Ule wimbo wa video nimeutunga kwa kumsikia yeye kichwani. Lakini kwaya si ya mtu mmoja. Napendekeza wiki tatu. Siku ya kurekodi hali ikiwa ni hii hii, ubeti wa peke yake achukue Rozi."

"Wanaokubali?" aliuliza Osea.

Mikono ikapanda. Osea akaitazama mmoja mmoja, kisha akanyoosha na wake. Wasiokubali hawakuulizwa.

Walirudi nyumbani kwa miguu kupitia njia ya mashamba ya kahawa, Osea mbele, Enesi nyuma hatua kumi.

"Kwa nini hukuniambia nyumbani?" Enesi aliuuliza mgongo wake.

"Nikwambie nini? Pua umeazima?"

"Wewe ni mume wangu. Unalala na mimi."

Osea akasimama, akageuka. "Nalala nikitazama ukuta, mama Goodness. Mwaka wa pili huu nautazama ukuta. Hukuwahi kujiuliza huko ukutani kuna nini?"

Hakuwahi. Alidhani mumewe amechoka na shamba. Alidhani labda ana mwanamke Mlowo, akamwombea. Fizi zake zilikuwa zimeanza kuvuja damu miaka miwili iliyopita, kila aliposugua meno. Akadhani anajichubua, akaacha kusugua palipouma, kama mtu asiyeukanyagia mguu wenye kidonda. Pole pole palipouma pakawa pengi, na mswaki ukabaki na kazi ya kupita juu juu. Hakuna aliyemwambia kwamba ilitakiwa afanye kinyume chake.

Uani walimkuta mama mkwe, Bibi Anna, akipepeta mahindi. Habari ilikuwa imemtangulia Enesi, maana Itaka habari haingoji mwenyewe afike.

"Shikamoo, mama," alisema Enesi.

"Marahaba. Salimia ukiwa huko huko," alisema Bibi Anna, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo. "Huku nina chakula."

Kesho yake asubuhi Enesi alisaga mkaa na chumvi, akainama nyuma ya nyumba, akasugua kwa hasira mpaka mate yakawa mekundu. Kuku wakaja kuangalia kilichotemwa.

Daktari wa meno waliyemwendea Vwawa alikuwa msichana mwembamba, jina lake Gwantwa limeshonwa kwa uzi wa buluu kwenye mfuko wa koti. Osea aliingia naye chumbani kwa sababu alitaka kusikia mwenyewe.

"Fungua mama. Zaidi. Mswaki unapiga?"

"Napiga, daktari. Asubuhi."

"Na jioni?"

"Jioni tunakuwa tumechoka," alijibu Osea.

"Nimemwuliza mwenye mdomo, baba."

Daktari Gwantwa akavuta uzi mwembamba kutoka kwenye kiboksi, akauzungusha kwenye vidole vya mikono yote miwili, akaupenyeza katikati ya meno mawili ya pembeni, akaukwaruzisha juu na chini, akautoa. Ulikuwa na kitu cha njano na damu. Akausogeza puani kwa Enesi.

"Nusa."

Enesi akanusa. Safari hii alisikia. Akaelewa kwa nini ukuta, kwa nini ncha za vidole, kwa nini Goodness, binti yake, siku hizi alikuwa akimkumbatia kwa kumgeuzia kisogo. Machozi yakamtoka akiwa bado amefungua mdomo.

"Usilie, mama. Wewe una bahati. Meno yako ni mazima, hata moja halijatoboka. Kilichoumwa ni fizi. Chakula kinakaa katikati ya meno, mswaki haufiki, basi wadudu wanazaliana humo humo. Huu ugaga, huu mgumu kama chokaa, nitaukwangua Alhamisi ya wiki ijayo, kabla ya Alhamisi hiyo nimejaa. Lakini wadudu ni kazi yako. Kila jioni, uzi kwanza, mswaki baadaye. Damu itatoka, usiache. Wengi huacha hapo. Itatoka wiki moja, halafu itakata yenyewe."

Osea alikuwa amesogeza kiti. "Wadudu, umesema?"

"Ndiyo, baba."

"Umewaona?"

"Wapo. Hata kwako wapo."

"Wangapi?"

"Mamilioni."

"Sasa kama unajua wapo, si uwatoe?"

"Hawatolewi mara moja, baba. Akiwatoa leo, kesho wapo wengine. Ni kila siku, mpaka anazikwa."

Daktari Gwantwa alisema wadudu kama alivyomwambia kila mgonjwa, kwa sababu akisema bakteria watu walitikisa vichwa wakaondoka kama walivyokuja. Hakujua kwamba neno lile, likitoka kwake hadi kwenye kiti cha Osea, lilikuwa limeshaota miguu sita na jozi ya meno.

Nje, chini ya jua, Osea alilipuka. "Daktari gani anamwona mdudu anamwacha?"

"Kasema nitumie uzi."

"Uzi! Mdudu anafungwa uzi kama mbuzi?"

Enesi alitumia uzi. Kila jioni kabla jua halijazama alikaa kwenye kigoda mbele ya kipande cha kioo, akaupenyeza uzi katikati ya meno, jino kwa jino, huku damu ikimchirizika kidevuni.

"Unajishona mdomo?" aliuliza Bibi Anna. "Shona vizuri basi, tupumzike."

Osea hakuweza kutazama. Alisema anawachokoza wadudu bure, na mdudu akichokozwa huzama ndani. Enesi aliendelea. Kila alipotaka kuacha alikumbuka sponji ikizunguka, akaukaza uzi vidoleni.

Siku ya sita damu ilipungua. Siku ya nane ilitoka nyuma tu, kwenye magego. Na kwenye mazoezi ya Jumatano, siku moja kabla ya kwenda kukwanguliwa, Rozi alijisahau. Aliimba ubeti mzima shavu lake likiwa kwenye shavu la Enesi. Ubeti wa pili ulipoanza ndipo akakumbuka, akaugeuza uso kwa mazoea tu, kama mtu anayepunga nzi aliyekwisha kuondoka. Enesi aliliona hilo. Sauti yake ikapanda mahali ambapo haikuwa imefika mwaka ule wote, na Mwalimu Yesaya akafumba macho kwenye kinanda.

"Baba Goodness, umeona?" alisema njiani. "Umemwona Rozi?"

"Nimemwona Timotheo," alijibu Osea.

Timotheo alikuwa amemweleza jambo. Kule Tunduma, jirani na mpaka, kuna mtu anatoa wadudu wa meno kwa moshi. Unawaona kwa macho yako. Si maneno ya hospitali, njoo kesho, njoo mtondogoo, mpaka uzikwe. Wanatoka, unawahesabu, unaondoka nao.

Alhamisi Enesi alivaa gauni lake la buluu, akaweka cheti cha daktari kwenye mkoba. Walipanda gari Mlowo. Lilipofika Vwawa alisimama ateremke, na Osea akamshika mkono.

"Kaa."

"Tumefika."

"Kaa, mama Goodness. Watu wanatutazama."

Akakaa. Gari likaondoka. Enesi aligeuza shingo, akaitazama Vwawa ikibaki nyuma, hadi ikawa vumbi.

Tunduma foleni ya malori ilikuwa imelala barabarani hadi mpakani, madereva wamekaa chini ya matela wakipika. Nyuma ya vibanda vya vitenge, watu wa Tanzania na Zambia walikuwa wamesimama duara. Katikati yao mtu mnene mwenye koti jeupe alizungumza kwa kipaza sauti kilichoning'inia shingoni. Watu wa mpakani walimwita Shing'anga, mganga kwa Kibemba, naye alichanganya lugha zote mbili kama mtu anayepika maharage na mahindi.

"Karibu, mayo! Karibu, mama! Usiogope. Ni huyu ndiye mwenye wadudu?"

"Huyu," alisema Osea.

"Daktari alisemaje?"

"Alisema ni mamilioni."

"Ee mukwai! Aliwaona, akawaacha?"

"Akawaacha."

Duara likaguna kwa uchungu.

Shing'anga alitia maji kidogo kwenye beseni, akaweka jiwe katikati, na juu ya jiwe akaweka kipande cha chuma kilichokuwa kinawaka jikoni. Akarusha juu ya chuma mbegu za ndulele zilizopakwa mafuta. Zikapasuka, pa, pa, pa, moshi ukapanda. Enesi akainamishwa, akafunikwa kitenge kichwani, akapewa bua la jani la mpapai avutie moshi mdomoni. Alikohoa mpaka akadhani mapafu yatatangulia wadudu. Kitenge kilipoinuliwa, beseni lilikuwa limejaa. Juu ya maji vilielea vitu vyeupe, vyembamba, vidogo kama kucha ya mtoto mchanga, kila kimoja kimejikunja.

Osea alipiga magoti, akahesabu kwa kidole. "Thelathini na mmoja," alisema. "Mama Goodness! Thelathini na mmoja! Ulikuwa unalala nao!"

"Hao ni watoto," alisema Shing'anga. "Mama yao yumo bado."

Akaingiza kidole gumba kinywani mwa Enesi, akayasukuma meno manne ya mbele, ya juu. Yakacheza kidogo, maana fizi zilizokaa na ugonjwa miaka miwili zilikuwa bado hazijakamata sawasawa.

"Unaona? Yanatikisika. Nani anayatikisa? Ni yeye, mama yao, huko ndani. Haya manne yasipotoka, mwezi hautaisha wamejaa tena."

"Yanacheza kwa sababu ya fizi!" Enesi alisema. "Daktari kasema meno ni mazima. Baba Goodness, leo ndiyo siku ya kukwanguliwa. Twende Vwawa. Muda bado upo."

"Yule aliwaona akawaacha. Huyu kawatoa mbele ya macho yangu. Nimwamini nani?"

"Niamini mimi. Damu imekata. Uzi unafanya kazi." Akamsogelea, akafungua mdomo, akampumulia usoni. "Nusa. Nusa, baba Goodness, usikie mwenyewe."

Duara likaangua kicheko. Mwanamke mmoja wa Kizambia, muuza vitenge, alijipiga mapaja. "Awe, mayo! Anamnusisha mume sokoni!"

Kama Osea angevuta pumzi moja tu, angejua. Lakini alikuwa anasikia kile kicheko kuliko kitu kingine chochote duniani, akarudi nyuma hatua moja akiziba pua, kwa sababu ndivyo watu walivyotarajia afanye.

"Kaa chini," alimwambia mkewe. "Usinitie aibu Tunduma pia."

Osea mwenyewe alikaa kwenye benchi nyuma yake, akakibana kichwa cha mkewe katikati ya magoti, akamshika mikono. Shing'anga alisafisha koleo kwa kulipangusa kwenye koti. Meno mawili ya kwanza yalitoka kwa kuvutwa tu. La tatu lilihitaji kupindwa. La nne, ambalo mizizi yake ilikuwa imara, lilichukua muda mrefu kiasi kwamba baadhi ya watu waliondoka kwenda kutazama kitu kingine, na sauti iliyomtoka Enesi ilikuwa kubwa, safi na ya juu, hata madereva chini ya matela wakageuka.

"Mama yao yuko wapi?" aliuliza Osea, akichungulia lile pengo.

"Kakimbia na damu. Ameshatemwa. Usimtafute."

Wale thelathini na mmoja Shing'anga aliwatia kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, pamoja na maji yao, akafunga kizibo, akamkabidhi Osea kwa mikono miwili.

Chupa ile ilisimamishwa juu ya meza ya kanisa, mahali kilipokuwa kimelala kipaza sauti. Osea alivaa tai. Alieleza habari yote tangu Vwawa hadi Tunduma, akawataja wadudu kwa idadi yao, na kwaya ikapiga makofi. Mzee wa kanisa aliyekuwepo alisema chupa itunzwe kabatini, watu wapate kujifunza usafi. Osea akaandika jina lake mwenyewe kwenye karatasi, akaibandika.

Enesi alikaa benchi la mbele, kitenge mdomoni, uso umevimba upande mmoja kama ameweka embe shavuni.

"Haya," alisema Mwalimu Yesaya. "Tumshukuru Mungu, na tuimbe. Dada Enesi, ubeti wako."

Akasimama. Akakiondoa kitenge. Ubeti ulianza kwa maneno "Sifa zivume, Sayuni ifurahi", na sauti iliyotoka ilikuwa ile ile, pana, yenye mwanga. Lakini hapakuwa na meno ya kuikata iwe maneno.

"Hiha hihume, Hayuni ihurahi..."

Timotheo akainamisha kichwa, mabega yakitikisika.

"Rudia," alisema Yesaya.

"Hiha hihume..."

Kinanda kikanyamaza. Yesaya alikaa akiitazama mikono yake. "Sauti ipo," alisema mwisho. "Maneno hayapo."

"Na tukisema ukweli, Mwalimu," alisema Rozi kwa upole, kwa maana ameshashinda, "harufu nayo imezidi. Ni kama ya kidonda."

"Wadudu si wametolewa?" aliuliza mtu.

"Wametolewa, ndiyo," alisema Timotheo. "Labda wamebakiza nyumba."

Hata Mzee wa kanisa alicheka. Osea naye akacheka, kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo.

Yesaya aliamua. "Dada Enesi, siku ya video utasimama mstari wa nyuma, ili sare itimie. Uwe unafungua mdomo tu, usitoe sauti." Akafikiri. "Hapana. Usiufungue."

Ndivyo ilivyokuwa Tunduma. Rozi aliimba ubeti wa peke yake, sauti yake ikiwa chini kidogo ya ile ya kinanda kila alipopanda, na nyuma ya bega la Timotheo, kwa kitambo cha kupepesa jicho, anaonekana mwanamke aliyevaa sare nadhifu kuliko wote, midomo imebanwa kama anayezuia maji.

Wiki mbili baadaye Bibi Anna alisema naye anataka kutolewa. Gego lilikuwa likimwasha.

"Tunduma siendi, mgongo wangu haulitaki gari. Uliona anavyofanya, baba. Nifanyie."

Osea hakukataa. Tangu siku ya chupa watu watatu walikuwa wamemwuliza habari za wadudu, na mmoja alimwita mtaalamu. Alichuma ndulele pembeni ya shamba, akakamua mbegu, akazianika, akazipaka mafuta. Alasiri aliweka jembe bovu kwenye jiko la mkaa, akaleta beseni, jiwe na bua la mpapai. Enesi aliagizwa maji, akaleta maji, akabaki amesimama na jagi mkononi. Bibi Anna akaingia ndani kutafuta khanga ya kujifunika.

Osea akalihamishia lile jembe juu ya jiwe. Kwa kutaka kujua kama limepata moto wa kutosha, akarusha mbegu chache.

Pa, pa, pa.

Moshi ukapanda, ukapeperuka juu ya paa. Na juu ya maji, kando ya jiwe, wakaelea wanne. Weupe, wembamba, wamejikunja.

Osea alitazama kulia, akatazama kushoto. Karibu na beseni lile hapakuwa na mdomo zaidi ya wake, nao ulikuwa umefungwa. Akachukua mbegu nyingine, akarusha. Zikapasuka, na kila mbegu ilipopasuka alimwona mdudu akiruka kutoka ndani yake, akaanguka majini, akatulia. Ulikuwa moyo wa mbegu. Ulikuwa moyo wa mbegu tangu mwanzo.

Alipoinua macho, Enesi alikuwa anatazama pale pale alipokuwa anatazama yeye.

"Hao wa nani?" aliuliza.

Maneno yote matatu yalitoka sawasawa. Hayakuwa na herufi ya kumwaibisha.

Bibi Anna alitoka, akakaa kwenye kigoda, akajifunika khanga. "Haya, baba. Niko tayari."

Palikuwa na nafasi. Angemwaga beseni, aseme mama, ni uongo, yakaisha. Lakini chupa ilikuwa kabatini kanisani ikiwa na jina lake. Lakini siku ile alikuwa amevaa tai. Lakini magoti yale aliyoyapiga sasa mbele ya beseni ndiyo yaliyobana kile kichwa, na mtu hawezi kusema neno moja la kweli juu ya mbegu bila kusema na yale mengine. Akachota mbegu, akarusha.

Bibi Anna alivuta moshi, akakohoa, akajifunua, akatazama.

"Yesu wangu! Kumi na tisa! Hapana, ishirini!" Akasimama, akapaza sauti juu ya ua kwa jirani. "Mama Ipyana! Mama Ipyana, njoo uone nilichokuwa nakula nacho!" Kisha akakaa tena, ameng'aa uso. "Na mama yao?"

"Kwako hayumo, mama."

"Umejuaje? Kwa mkeo si alikuwa kwenye meno ya mbele? Hebu shika haya." Akavuta mdomo wa juu kwa vidole. Bibi Anna alikuwa na miaka sabini na mmoja, na meno yote yalikuwa yake. "Shika, nakwambia! Hayachezi?"

Osea akayashika. Yalikuwa yamesimama kama nguzo.

"Hayachezi, mama."

"Yanacheza. Nayasikia. Unanionea huruma kwa sababu ni mama yako? Mwenzangu umemfanyia, mimi unanibakizia mdudu?"

Osea akamtazama mkewe. Enesi akaweka jagi chini. Akakitoa kitenge mdomoni, kwa mara ya kwanza katika ua ule tangu Tunduma, na hakuharakisha.

"Mwambie," alisema. "Ama kalete koleo."

"Kalete, baba," alisema Bibi Anna. Alikuwa ameshaegemeza kichwa nyuma, amefumba macho, amefungua mdomo wote kwa jua. "Wala usiogope nikilia."

Osea akaingia ndani. Sanduku la zana lilikuwa nyuma ya mlango, na koleo lilikuwa juu kabisa, juu ya misumari. Walioko uani walimsikia akipekua, chuma kikigonga chuma, muda mrefu, kama mtu anayeomba kisipatikane kile alichokwisha kukishika. Mama Ipyana alifika akijifuta mikono, akachungulia beseni, akashika kifua.

"Jamani," alisema, akivuta kigoda. "Hata mimi basi."

Ndani chuma kikanyamaza, na hatua zikaanza kurudi.